Sadaka za Bwana Null

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeamua kuwa mkubwa. Si siku moja huko mbele. Wiki hii.

Suseelan Sir, bosi wetu, ametutangazia kabla chai haijapoa. Mfumo wa kompyuta wa sadaka tulioliandikia hekalu la mungu wa kike Bhagavathi unaanza kazi kesho. Sherehe ya mwaka ni Jumamosi. Mfumo ukivuka sherehe salama, mahekalu mengine ya wilaya yanautaka, na atakayeuvusha ndiye atakayeongoza mradi huo. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Nibin. Kwa nini amtazame Nibin? Nibin hula puttu, keki ya unga wa mchele, mezani pa kazi, na makombo yote huishia kwenye kibodi.

Mimi nimepewa ukurasa wenyewe wa kupokea sadaka. Mtu anaandika jina lake na nyota aliyozaliwa nayo, anachagua sadaka, anabonyeza. Inatoka risiti, na kuhani, tunayemwita Thirumeni, anaisoma mbele ya Bhagavathi. Bila jina na nyota, sadaka haijui imtafute nani.

Java, lugha ya kompyuta tunayoiandikia mifumo, inakupa njia mbili za kumtoa mtu kwenye fomu hadi kwenye risiti. Moja ni kupitisha. Ni kama mgahawani: umeagiza, mhudumu anaipeleka oda yako jikoni na kukurudia na sahani, wewe hujainuka kitini wala hujui jiko liko wapi. Nyingine ni kuelekeza upya. Hiyo ni ofisi ya kijiji: si hapa, mama, nenda dirisha lile. Unakwenda kwa miguu yako, na yote uliyomweleza karani wa kwanza yamebaki kwa karani wa kwanza.

Nimechagua kupitisha. Haraka. Safi. Mstari mmoja.

Nibin alichungulia begani kwangu. "We Anaswara, mtu akipakia upya ukurasa huo, fomu inatumwa tena. Sadaka inakuwa mbili." Nikamshukuru kwa upole. Sauti ile naijua. Wivu mtupu.

Bibi yangu, Ammamma, amesikia habari za cheo. Ameahidi kwenda hekaluni Jumatano aniombee kwa sadaka ya maua. Anasema msichana wa nyota ya Makam hajapata kushindwa tangu dunia iumbwe. Mimi ni wa Makam. Nibin hata nyota yake haijui.

Jumanne, 11 Februari

Payasam. Sitaki kulisikia tena neno hilo.

Nani angejua kwamba Prabhakaran Chettan, katibu wa hekalu, huitendea kompyuta kama redio yake ya zamani? Isipojibu mara moja, anaigonga. Leo mtandao ulikuwa mzito. Mjane mmoja aliagiza kibakuli cha payasam, uji mtamu wa maziwa, kwa roho ya marehemu mumewe. Risiti ikachelewa. Chettan akapakia upya. Kompyuta ikamuuliza kama kweli anataka kutuma fomu tena, akajibu ndiyo. Ikamuuliza tena. Ndiyo. Baadaye alinieleza kwamba ukiulizwa kwa adabu, hukatai.

Jikoni waliona oda zinamiminika. Wakalitoa stoo sufuria la sherehe, lile la kukorogwa na wanaume wawili.

Chettan alipopiga simu niliandaa machozi. Kumbe ana furaha! Anasema imani ya watu imefufuka, na marehemu, aliyekuwa fundi baiskeli tu, hajawahi kukumbukwa namna hii. Nikamwambia Suseelan Sir kwamba lilikuwa jaribio la kupima uwezo wa mfumo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikaribia kuamini mwenyewe.

Jioni hekalu lilituletea ndoo. Nibin alikula bakuli baada ya bakuli akinitazama. Afadhali angenisuta.

Jumatano, 12 Februari

Nimefika ofisini kabla ya mfagiaji. Nimefuta kupitisha kila mahali. Kila mahali! Sasa ni kuelekeza upya tu. Nimepakia upya ukurasa wa risiti mpaka kidole kikachoka, na hakuna sadaka hata moja iliyozaana. Nilipita mbele ya meza ya Nibin nikiimba kidogo.

Mchana nikarudi nyumbani kula. Ammamma alikuwa amekaa barazani, maua ya hekaluni yangali mkononi, uso kaukunja.

"Null ni nani?"

Nikauliza Null gani.

"Nami ndiyo nakuuliza! Nimekaa mlangoni kabisa, Thirumeni hata akinong'ona namsikia. Kasoma: Null, nyota ya Null. Maua yangu! Nimeshinda njaa tangu asubuhi kwa ajili ya mjukuu wangu, baraka kachukua mtu hata simjui. Mkristo huyo?"

Nikausukuma wali kando.

Null ni neno ambalo Java huliandika pale ilipotafuta kitu ikakuta patupu. Aina ya sadaka niliiweka kwenye anwani ya ukurasa, ikafika salama. Jina na nyota vilibaki dirisha la kwanza, kwa karani wa kwanza. Hifadhidata inayo majina yote. Risiti haina hata moja. Tangu asubuhi Thirumeni amekuwa akimwombea Null na hakuna mwingine.

Nimefikiri sana. Kama cheo kitashuka kutoka mbinguni wiki hii, kitamshukia Null.

Alhamisi, 13 Februari

Mambo yamekuwa makubwa. Prabhakaran Chettan amepiga simu anahema. Thirumeni amemwambia kwamba miaka yake yote madhabahuni hajaona mcha Mungu kama huyu Bwana Null. Maua yeye. Taa yeye. Nazi za kuvunja yeye. Kamati imeketi. Mmoja amesema lazima ni mtu wa Ghuba, labda Dubai, mwenye maduka. Mwingine amesema jina ni la kisirisiri kwa sababu mtu mwenyewe ni mnyenyekevu. Wamekubaliana kumvisha shali ya heshima Jumamosi, mbele ya tembo na watu wote. Akaniuliza: je, mimi ninayo anwani yake?

Ningeweza kusema ukweli. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu, karibu mpaka chai ilipokwisha.

Kisha nikapata mpango. Null aishi mpaka Jumamosi, kisha asafiri ghafla kwa biashara. Wakati huohuo nirekebishe ukurasa. Ila sijui kuurekebisha. Nibin anajua. Kumuuliza Nibin ni kumkabidhi cheo kwa mikono miwili. Kwa hiyo nikamwambia Chettan amuulize Nibin, kama wazo lake mwenyewe, jinsi ya kupata risiti isiyojirudia na isiyopoteza jina. Jibu angenipitishia mimi. Hakuna ambaye angejua kuna jiko.

Nibin akamjibu: ukurasa ni wa Anaswara, muulize yeye.

Chettan akarudi kwangu. Nikamrudisha kwa Nibin. Nibin akamrudisha kwangu. Mara ya mwisho Chettan alisema, "Mwanangu, mimi ni mzee na simu yangu inaisha chaji. Nyie wawili ongeeni!" Akakata.

Hata kivinjari hugoma kikielekezwa huku na huku hivyo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeshinda! Mwenyewe!

Nilikwenda hekaluni kuangalia hali. Mlangoni nikaacha ndala zangu kwa watunza viatu, wakanipa kibati chenye namba. Nikazunguka pekupeku. Nikarudi kwa kupitia mlango mwingine kabisa, nikatoa kibati, nikapewa ndala zangu mwenyewe. Nikasimama pale nimezikumbatia kama mwehu.

Usibebe kitu! Kiache ndani, chukua namba, tembea na namba. Ukurasa wa kwanza uhifadhi sadaka. Kisha umwelekeze mtu upya, na namba ya sadaka ndani ya anwani. Ukurasa wa risiti usome namba, ulitoe jina na nyota kwenye hifadhidata. Pakia upya hadi kesho, ni risiti ileile tu.

Nilikimbia ofisini. Mchana ukafanya kazi. Nikamwita Nibin, nikamweleza kuanzia ndala. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ndicho alichokuwa akitaka kuniambia Jumatatu, ila nilimshukuru haraka mno. Halafu akaujaribu ukurasa kwa majina marefu ya lugha yetu, Kimalayalam, akakuta jina linakatwa mwishoni, akalirekebisha, akaondoka zake. Hakusema chochote kwa Suseelan Sir.

Anapanga nini huyu?

Jumamosi, 15 Februari

Naandika kabla hata sijala.

Mfumo ulivuka. Foleni ilifika barabarani na kila risiti ikatoka na jina lake. Thirumeni alisoma majina ya watu mpaka sauti ikamkauka. Suseelan Sir alisimama karibu na kaunta, tabasamu mpaka masikioni. Nikaanza kuchagua mahali pa kuweka meza yangu mpya.

Kisha ngoma zikanyamaza na Prabhakaran Chettan akashika kipaza sauti. Shali mkononi, nyeupe, ukingo wa dhahabu. Akamsifu Bwana Null wa Dubai. Akasema huenda yupo hapahapa kati yetu, kwa unyenyekevu wake amejificha. Ajitokeze!

Watu wakageuza shingo. Mimi nikaisogelea nguzo. Mpango wangu ulikuwa nimpe Chettan karatasi: Bwana Null ameitwa ghafla. Karatasi ilikuwa imelowa jasho.

Ndipo Ammamma akasimama. Na goti lake lile!

"Hakuna cha Dubai," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Maua ya Jumatano nilinunua mimi, ya mjukuu wangu. Likasomwa jina la Null. Basi Null ni huyu hapa, nyuma ya nguzo. Anaswara, nyota ya Makam. Njoo uvae shali yako, mtoto, tembo wanangoja."

Nilipita katikati ya watu wote. Shali ilinuka dawa ya nondo. Thirumeni akauliza kama sadaka zote zile zilikuwa zangu. Nikasema hapana, Thirumeni, zilikuwa za kila mtu, kosa ndilo lilikuwa langu. Ilinitoka tu! Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema Bhagavathi haulizi risiti, ila kesho atayasoma majina yote ya Jumatano hadi Ijumaa upya, langu kwanza.

Suseelan Sir hakucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevaa shali na nimekata tamaa.

Jumapili, 16 Februari

Suseelan Sir amepiga simu. Amesema mtu aliyekosea kwa njia zote mbili na kuipata ya tatu anamfaa. Amesema pia Nibin alimwendea jana na kumwambia ndala zilikuwa wazo langu. Kwa hiyo mradi naongoza mimi! Nibin atakagua kila ukurasa kabla haujatoka. Kila ukurasa. Hilo alilirudia.

Ammamma anasema ni Makam. Nimeitundika shali juu ya kitanda. Nibin nimempelekea ujumbe wa asante. Safari hii sikuuandika haraka.

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya kwanza ya uongozi. Anga safi. Nimevaa sari.

Ukurasa wa kwanza wa mradi mpya: fomu ya mahekalu kuomba tembo wa sherehe kwa wamiliki wao. Fomu ndogo tu. Nilianza kuandika mambo ya kuhifadhi na namba, kisha nikajiuliza, ya nini? Mtandao wa kule milimani ni dhaifu, kumtuma mtu safari ya pili ni ukatili. Na hii si payasam. Nani duniani atapakia upya fomu ya tembo?

Nimetumia kupitisha. Haraka. Safi. Mstari mmoja.

Nibin alikuwa ametoka kunywa chai, nikaona nisimsumbue. Ukurasa uko hewani tangu saa tano. Prabhakaran Chettan amefurahi sana, anasema ataujaribu yeye mwenyewe.