Pombe ya Mwenye Mashoto

Jumatatu, 4 Agosti 1986, Kituntu
Ijumaa Bwana Elimu anakuja kuchagua mwalimu wa sayansi wa darasa la watu wazima. Tumebaki wawili: mimi na Gaudiosus. Huyo, ukimuuliza jambo, hukuna kidevu na kusema hajui. Aibu! Mpango wangu: kila jioni nitakaa nje ya ghala la kahawa, nijibu swali lolote papo hapo.

Jumanne, 5 Agosti
Maswali kumi na moja, majibu kumi na moja. Mzee Rwegasira alitaka kujua kwa nini mgomba hukua usiku tu. Nikamwambia mchana jua huukandamiza. Kokuberwa, muuza rubisi, ile pombe ya ndizi, akauliza kwa nini ndizi zikikanyagwa na mwenye mashoto pombe haichachi. Umeme wa mwili, nikasema. Kwa mwenye mashoto unapita kinyume, unaua utamu. Watu wakaguna kwa heshima. Gaudiosus akauliza nani amewahi kuliona jambo hilo. Wivu mtupu.

Jumatano, 6 Agosti
Kwa Kokuberwa kumejaa hadi uani. Kwa mshindani wake Athanasi hakuna hata nzi. Kumbe Athanasi ana mashoto! Sikujua. Kokuberwa alijua.

Alhamisi, 7 Agosti
Athanasi alikuja ghalani na kibuyu kizima cha rubisi yake. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alisema kama haichachi basi ni maji ya ndizi tu, mtaalamu ayanywe yote mbele ya watu. Nikanywa. Nilipoangukia mibuni, akaniuliza kama ule ndio umeme. Nikamjibu ni jua. Akasema jua limeshazama. Nikamweleza kwamba hapo ndipo huwa kali zaidi.

Ijumaa, 8 Agosti
Kichwa kinagonga. Bwana Elimu aliuliza kwa nini chuma kikitiwa motoni husinyaa. Nilijibu kabla hajafunga mdomo: maji ya ndani hukauka, kama muhogo juani. Safi kabisa! Gaudiosus akasema chuma motoni hakisinyai, hutanuka, swali lenyewe lina kosa. Kumkosoa mgeni! Bwana Elimu amemchagua yeye.

Jumamosi, 9 Agosti
Jirani yangu Placidia alinisimamisha kisimani, mbele ya wenzake. Akauliza kwa nini watu walioshindwa mitihani huwa na vichwa vizito kuliko wengine. Nilimpa sababu tatu. Wanawake wakacheka hadi kuweka ndoo chini. Furaha ya kuelewa. Kesho, baada ya ibada, nitawaongezea ya nne.