Mafindofindo ya Redio

Daktari alimwambia afungue mdomo, na Redio akafurahi, kwa sababu kwa kawaida watu walimwomba aufunge. Daktari akamulika tochi, akaguna, akasema mafindofindo yamevimba kama ndimu mbili, na kwa kuwa yameshamlaza kitandani mara saba mwaka huu, hakuna njia ila kuyakata.

"Upasuaji wenyewe ni mdogo," daktari alisema. "Shughuli iko baadaye, maana mtu mzima anaumia kuliko mtoto. Wiki mbili hufanyi kazi, husemi, unakula vitu laini na vya baridi. Na lazima uwe na mtu wa kukuangalia, damu isije ikatoka."

Mwingine angesikia neno damu. Redio alisikia wiki mbili bila kazi na mtu wa kumwangalia. Aliteremka ngazi za hospitali akiwa na homa na tabasamu.

Jina la Redio alipewa na mtaa, na hakuna aliyebisha. Mtu huyu aliwahi kumuuzia fundi wa miwani miwani ya fundi mwenyewe, na fundi akashukuru kwamba sasa anaona vizuri. Kazi yake ilikuwa na sheria moja tu: asiandike kitu. Karatasi ina tabia mbaya ya kukumbuka, na Redio alipenda wateja wake wakumbuke sauti yake tu.

Mali yake ya halali ilikuwa moja, nayo aliachiwa na marehemu baba yake: chumba cha mbele, chenye mlango unaofungukia barabara kuu. Watu wawili walikimezea mate. Wa kwanza ni fundi cherehani, aliyekuwa akishona kwenye ujia wa nyuma, kati ya pipa la maji na ngazi, mahali ambapo mteja hafiki mpaka aelekezwe na watu watatu. Wa pili ni shangazi yake Redio, dada wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama. Shangazi alizaliwa ndani ya chumba hicho, na roho ilimuuma kila alipokiona kimejaa nguo chafu. Tena shangazi alikuwa na friji kubwa, jambo ambalo Redio alilizingatia kwa uzito wote.

Akaanza na fundi. Alimvuta pembeni, akaiteremsha sauti.

"Kwa mtoto ni mchezo, fundi. Kwa mtu mzima, katika kumi wanaamka wachache."

"Wangapi?"

"Daktari hakutaka kunitisha."

Fundi aliweka mkasi chini. Redio akamwambia kwamba hana mtoto wala mke, na kwamba asipoamka, chumba cha mbele ni cha fundi. Akiamka, hatamsahau aliyemhudumia. Asimwambie mtu, kwa sababu mtaa una husuda. Fundi akaahidi kuleta barafu asubuhi na jioni, na kufua mashuka pia.

Jioni hiyohiyo shangazi alipewa maneno yaleyale, yakiongezwa chozi moja. Shangazi alilia sana. Alimpa kitanda chake mwenyewe, yeye akahamia kwenye kochi.

Siku ya upasuaji Redio alifika akiwa na njaa, maana alikatazwa kula tangu usiku, na jambo hilo aliliona kama dharau. Muuguzi akamletea fomu ya kukubali upasuaji. Redio akaomba akubali kwa mdomo tu. Muuguzi akamjibu kwamba mdomo ndio unaokwenda kufanyiwa kazi, kwa hiyo atumie mkono. Basi akatia saini, huku akitazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Dakika chache baadaye nusukaputi ilimchukua katikati ya sentensi.

Nje kwenye benchi, shangazi alikuwa akilia ndani ya kanga. Muuguzi akamwonea huruma, akamuuliza nani amefariki. Shangazi akaeleza habari ya kumi na wachache. Muuguzi akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema upasuaji huu hauchukui hata saa nzima, ametoka kumhudumia mwalimu mmoja wa umri uleule, naye sasa anadai uji. Shangazi akafuta machozi, akaikunja kanga vizuri, akaanza kufikiri.

Redio aliamka akiwa na koo la moto na bila sauti, ila na daftari la shule aliloletewa na shangazi ili aandike shida zake. Kwanza alilikwepa. Lakini kuomba mto kwa vidole kulimletea ndoo, na kuomba maji kulimletea redio ya meza, kwa hiyo akashika kalamu. Siku nne za mwanzo alikula raha za kifalme. Aliandika MTO, akaletewa mto. Aliandika BARIDI ZAIDI, fundi akarudi mbio na barafu. Shangazi na fundi walikutana mara nyingi mlangoni, na siku ya tatu walikaa jikoni kwa muda mrefu wakinong'onezana. Redio aliamini wanajadili mashuka.

Siku ya tano maumivu yakaja yenyewe kwa miguu miwili. Daktari alikuwa amemwonya kwamba siku hizo magamba meupe yatabanduka kooni, ila Redio hakuwa akisikiliza sehemu zisizo na faida. Kumeza mate kulikuwa kama kumeza kijiti cha moto. Masikio yaliuma, pumzi ilinuka, na machozi yalimtoka bila yeye kuyapanga.

Hapo shangazi akasimama mlangoni, amevaa viatu vya kutokea, mkoba begani, bakuli la aiskrimu mkononi.

"Naona umepona, baba. Mimi nakwenda kumtembelea rafiki yangu siku tatu. Fundi naye anasema amechoka."

Redio akanyakua daftari. USINIACHE.

"Nikae kwa nini? Ulisema mambo ya chumba, lakini umeamka mzima. Au nilisikia vibaya?"

Redio alitazama aiskrimu. Ilikuwa imeanza kuyeyuka pembeni. Akaandika: CHUMBA NI CHAKO.

"Chumba kipi?" Shangazi alivaa miwani. "Mwandiko wako haueleweki, mwanangu. Andika polepole. Cha mbele? Basi andika cha mbele. Cha nani, wewe nani? Andika jina kamili. Na tarehe juu, daktari anataka kufuatilia maendeleo yako."

Redio aliandika. Alijua anachofanya, au alidhani anajua: karatasi ya daftari la watoto, mwandiko wa mgonjwa, nani angeijali? Akipata sauti atayafuta yote kwa pumzi moja. Fundi akaingia na barafu wakati huohuo, na shangazi akamwomba naye atie saini chini, kuonyesha barafu imepokewa. Ndipo bakuli likatua mapajani mwa mgonjwa. Redio alikula akilia kwa raha, na shangazi akaichana ile karatasi taratibu, akaitia mkobani.

Siku ya kumi na nne sauti ilirudi, na ilirudi imepigwa msasa. Ndimu mbili zilizokuwa zikiiziba zilikuwa zimeondoka. Redio alijisikiliza bafuni, akapata wazo la wateja wapya, akatembea mpaka chumbani kwake akipiga mluzi.

Mlango ulikuwa wazi. Cherehani ilikuwa dirishani, vitambaa vimepangwa ukutani, sakafu inang'aa. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti, na mezani palikuwa na karatasi ya daftari iliyogongwa muhuri wa mahakama pembe zote nne, na chini yake mkataba wa fundi kupanga kwa shangazi.

Hapo Redio aliumia kweli, kuliko siku ya tano. Akasimama kizingitini akaongea. Alizungumza juu ya baba yake, juu ya undugu, juu ya mgonjwa aliyeachwa bila pa kulala, na kwa mara ya kwanza nusu ya maneno yake yalikuwa ya kweli. Wapita njia wakasimama. Mama mmoja akaweka kikapu chini, akalia. Fundi mwenyewe alipenga kamasi kwenye kitambaa cha mteja.

Shangazi akafuta macho.

"Umesema vizuri sana, baba. Hiyo sauti isipotee bure. Kitanda kile kwangu ni chako mpaka utakapochoka, na chakula kipo. Ila asubuhi utasimama hapa uwaite wateja wa fundi."

Redio akageuka kutazama barabara. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wakimngoja aendelee, na hajawahi kuuachia umati uondoke hivihivi. Akakohoa kidogo, akafungua mikono.

"Karibuni, mabibi na mabwana. Suruali, magauni, sare za shule. Karibuni chumbani kwangu."

Nyuma yake kiti cha shangazi kililia kidogo.

"Kwa shangazi yangu," akasema Redio.