Unga Chini ya Ulinzi

Jumanne, 6 Agosti 1996

Mwanangu Mbeyu kaokoa kontena zima la dawa. Lilikuwa lapelekwa kulazwa juani. Akaona kwenye kompyuta, akapiga simu, likageuzwa kivulini. Ndiyo kazi yake ofisini bandarini: kuitazama shughuli ikiwa bado yaenda, si kungoja iharibike ndipo watu walaumiane. Kibokoni nzima sasa yajua. Swabaha, jirani na mshindani wangu wa mahamri, akasema hata paka husimamia samaki. Wivu.

Jumatano, 7 Agosti

Wakubwa wa Mbeyu wataka mahamri ya chai ya Ijumaa jioni. Yakiwapendeza, oda ni yangu kila wiki. Mbeyu kanisihi: "Mama, mimi ndiye niliyekutaja. Usinitie haya." Nikamwambia jicho lile kalirithi kwangu. Nikamwuliza Swabaha nani husimamia unga wake ukiumuka. Akajibu, Mungu. Nikamhurumia.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimekanda unga asubuhi. Tui zito, iliki, hamira mpya. Nikaufunika kanga, ulinzi ukaanza. Nafunua, nabonyeza, naangalia hatari. Hakuna. Nafunika. Nafunua tena, nihakikishe kweli hakuna. Upepo wa kusi waingia dirishani, baridi tupu. Adhuhuri unga umelala kama jiwe. Nikazidisha ulinzi. Ukazidi kulala.

Swabaha akaja kuazima mwiko, akanikuta nimeinamia beseni, machozi yanilenga. Akasema, shoga, unga ni mwari, haufunuliwi na kila apitaye. Akatoka. Nikajua kaenda kunitangaza. Akarudi na beseni lake mwenyewe, unga umeumuka hadi wainua kitambaa, ule wa biashara yake ya jioni. Akasema Mbeyu ni mwana wetu sote. Tukasukuma, tukakata, tukakaanga. Hata karai alinikataza kuchungulia.

Jumamosi, 10 Agosti

Sahani zimerudi tupu. Oda tumepata, mimi na Swabaha, unga utakandwa kwake. Nimemweleza Mbeyu yote. Akacheka hadi akakaa chini: "Mama, mimi hutazama tu. Sendi kufungua kontena kila saa." Maneno ya mtu aliyesoma. Nimeshayarudia kwa muuza maji, na kwa mkewe.

Ila Swabaha hulala mchana, na unga usio na mtu ni hatari. Nimemwomba ufunguo wa jiko. Kakataa.

Dirisha lake halina komeo. Nimejaribu. Mkono wangu wafika hadi kwenye beseni.