Malalamiko Kuhusu Ng'ombe wa Swali la Saba

Mheshimiwa Mwalimu wa Algebra,

Salamu kutoka mtaa wetu wa Whitehall, huku ugenini. Mimi ni Ezéchias Ndahiro, baba wa Umuhoza wa darasa la tisa. Barua hii ataitafsiri yeye mwenyewe, kwa hiyo ukiona Kiingereza chake kina hasira, hasira ni yangu.

Umempa binti yangu sifuri kwa swali la saba, na akipata nyingine atarudia Algebra mwaka mzima. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyemkataza kujibu, kwa sababu hizi:

1. Swali linasema mkulima ana ng'ombe na kuku, vichwa thelathini, miguu themanini na sita. Kila aina ni wangapi? Mtu aliyehesabu miguu yote hiyo bila kupigwa teke alishindwaje kutofautisha ng'ombe na kuku?

2. Ng'ombe hao umewaita x. Nimechunga milima ya Kivu Kusini miaka kumi na tisa, sijaona ng'ombe anayeitika jina hilo.

3. Kwetu milimani mtu hahesabu ng'ombe wake. Ni kuwaitia balaa. Mfugaji hujua kwa njia nyingine. Kwangu mimi, siku ya chanjo, daktari wa mifugo alimaliza sindano ishirini na sita, moja kwa kila mnyama. Chumvi ya kuwalambisha ilikuwa viganja arobaini: kila ng'ombe viwili, kila mbuzi kimoja. Zaidi ya hapo sijamwambia mtu, hata mke wangu Kanyana, na hakuna x wala y itakayojua.

4. Tangu swali hilo liingie nyumbani, watoto wananiuliza habari za mifugo wakati wa kula. Sipendi kuizungumzia.

Naomba basi sifuri ifutwe, milinganyo miwili-miwili iondolewe kitabuni, na mkulima huyo apimwe macho.

Wasalimie mwalimu mkuu, dereva wa basi na mama wa jikoni.

Mzazi mwenzako,
Ezéchias Ndahiro

N.B. Umuhoza alipofika namba tatu aliacha kutafsiri, akaandika mistari miwili ya x na y pembeni, akasema: "Papa, ng'ombe kumi na ine, mbuzi kumi na mbili." Ni hao hasa. Tulinyang'anywa wote siku moja, na tangu hapo hakuna aliyewataja kwetu. Nililia kidogo. Bon, kitabu kiache kilivyo. Nyuma ya karatasi hii kuna majibu mawili. La saba ni lake. La nane nimelifanya mimi. Naomba ulisahihishe pia.