Kuku Anayekula Umeme

Jumatatu, 4 Machi

Balaa! Mkurugenzi ametangaza kwamba programu yetu ya kupanga zamu za kliniki itapimwa. Kila kinachokula umeme bure, kwenye simu za wagonjwa au kwenye seva zetu, kitolewe kufikia Ijumaa. Wa kwanza kutajwa: kuku. Yule anayedonoadonoa wakati ukurasa unafunguka. Marehemu mke wangu ndiye aliyemchora, kwenye meza yetu ya jikoni yenye mguu mmoja mfupi. Ndiyo maana kuku amelalia kushoto. Wenzangu hawajui.

Kazi ya kupima amepewa binti wa dawati la pili, tunayemwita Mizani. Adui!

Jumanne, 5 Machi

Nimebadilisha jina la faili. Si "kuku" tena, ni "usalama". Nani atathubutu kufuta usalama? Nimekula mchana kwa raha, mara ya kwanza tangu msiba.

Sijanawa mikono, Mizani huyo. Akauliza kwa adabu, mzee wangu, huu usalama mbona unadonoa? Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya. Nimeuchelewesha ukurasa kidogo, watu wamtazame kuku vizuri, wampende, wamtetee.

Kumbe! Simu za malalamiko tangu asubuhi. Mama mmoja alikuwa kwenye benchi la kliniki na mtoto mwenye homa. Betri ikamwishia kuku akiwa bado anadonoa, zamu ikampita. Amesema huyo kuku wenu achinjwe. Nimeurudisha ukurasa ulivyokuwa.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yangu alikuja jioni, akakuta taa zinawaka hadi chooni. Akazima moja moja, kama mama yake. Nikamweleza habari za kuku. Akasema, Baba, mama aliyekuwa akikufuata nyuma akizima taa, akikuuliza kama umeoa kwenye shirika la umeme, leo ndiye unayemkumbuka kwa kupoteza umeme? Angekuwa wa kwanza kumfuta huyo kuku.

Nikamwambia chai inapoa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka nimekubali. Nimemwambia Mizani amfute. Nikamwambia pia nani alimchora. Kisha akaniambia nivute kiti.

Akamchora upya kwa mistari michache, si picha nzito tena. Anadonoa mara moja, anatulia. Nyuma yake weusi mtupu, maana kwenye simu nyingi weusi hula betri kidogo. Akataka kumnyoosha, nikaruka kwenye kiti. Akasema, basi mzee wangu, alale hivyo hivyo. Sasa ni mwepesi kuliko jina la mgonjwa.

Nililia kwenye chumba cha nyaya. Mizani si adui. Nimejifunza: kidogo kinatosha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemtazama kuku asubuhi nzima. Peke yake gizani, jamani! Anaonekana mpweke. Nimemchorea jogoo, mistari michache tu, hana uzito. Amelalia kulia, kumwelekea. Halafu vifaranga, maana nyumba ni watoto. Nao hawana uzito, ukiwapima mmoja mmoja.

Jumatatu nitamwomba Mizani jogoo awike. Mara moja tu. Au mbili, kwa wasiosikia vizuri.