Cherehani Iliyozuia Uchumi Kupaa

Jumatatu, 3 Machi
Kwak! Sauti hiyo bado imo masikioni. Cherehani ya shangazi imekwama tena, katikati ya kola. Sare za shule zinatakiwa Ijumaa. Tukichelewa, kazi yote inahamia kwa Pindo, fundi wa ng'ambo ya barabara, mwenye cherehani za umeme na mdomo usio na breki. Shangazi ameipiga teke, ikaendelea. Mimi nimerudi kwenye kitabu changu cha uchumi. Kwa nini nchi iliyosambaratishwa na vita ilitajirika upesi kuliko zilizoishinda? Jibu: mabomu yalifuta mitambo mikuukuu, wakaanza na mipya.
Nimeitazama cherehani. Imenitazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya! Shangazi alipokwenda kununua vifungo, nilimwita mnunuzi wa vyuma chakavu aichukue cherehani. Akaniuliza kama mwenyewe anajua. Nikamjibu kwamba historia inajua. Kimya kitamu! Sasa mpya itakuja.

Jumatano, 5 Machi
Mpya haijaja. Shangazi alikaa akitazama alama za miguu ya cherehani sakafuni. Nikamweleza habari za mabomu. Akauliza hao wa kitabuni mitambo mipya waliletewa na nani. Nikasoma tena. Kulikuwa na mikopo ya nje, mafundi waliobaki hai, masoko yaliyowangoja. Yamo ukurasa uleule, chini. Akasema basi, mwanangu, sisi umetuletea mabomu peke yake.
Anashona kola kwa mkono. Sindano imemchoma, akaendelea kushona. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi
Kwak! Kutoka ng'ambo! Nikakimbilia dirishani. Pindo ameinunua cherehani yetu kwa yule mtu wa vyuma chakavu na kuiweka mlangoni tuione. Anatangaza kwamba kwetu kuna msomi, kwake kuna cherehani. Shangazi akavuka barabara, mkasi mkononi. Nikajua leo ni vita. Kumbe wamepatana: atashonea kulekule, kazi wagawane nusu kwa nusu. Tumeokolewa na adui! Aibu gani hii?

Jumamosi, 8 Machi
Sare zilifika shuleni jana. Shangazi hasemi nami, ila kuniagiza uzi. Nimejichunguza bila huruma na kosa nimeliona: niliishia sura ya kwanza. Sura ya pili inasema wazi kwamba siri haikuwa mitambo, bali mikono. Watu waliacha mashamba wakamiminika viwandani. Mikono ndiyo tunayokosa!
Nimeshawapigia simu binamu zangu wote wa shamba, wauze majembe waje. Wameuza. Wako njiani. Shangazi nitamwambia wakishabisha hodi.