Umande Kwenye Taa ya Kushoto

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Ghuba haionekani. Josette, binti yangu wa pekee, anaolewa Jumamosi, na mimi ndiye nitakayempeleka kanisani. Si Ulysse Deveau, aliyemwoa mama yake baada yangu. Mimi, Alphée Surette, kwa gari langu. Alisema mwenyewe, mbele ya Ulysse, nikamwona Ulysse anakoroga chai isiyo na sukari. Sikucheka. Nilicheka nilipofika nyumbani.

Leo amekuja binamu Gisèle, mpiga picha wa harusi. Kalizunguka gari. Kasema bibi harusi atasimama hapa mbele, kati ya taa mbili, shada mkononi. Kisha kainama. Kauliza mbona taa ya kushoto inalia.

Ni kweli. Ndani ya kioo kumejaa matone. Ya kulia imekauka macho kabisa, haijui kinachoendelea kwa mwenzake.

Jioni Ulysse kapita kwa miguu, ati ananyoosha viungo. Anakaa upande wa pili wa kijiji. Viungo vimenyooka vya kutosha. Kaitazama taa. Kasema, "Pole, mume mwenzangu. Gari limefiwa?" Taa za gari lake ni kavu. Nilizikagua jana wakati wa misa, nilipotoka kukohoa.

Jumanne, 21 Oktoba

Mpango: joto. Maji yakipata joto yanaondoka, hilo halihitaji shule. Kikausha nywele sina. Nina upara tangu Josette akiwa darasa la kwanza. Nikaenda kwa jirani, Mama Zoé. Nikamwambia nakitaka kwa ajili ya nywele zangu. Akanitazama kichwani. Akakileta bila neno. Mwanamke mwenye adabu.

Nikapuliza asubuhi nzima. Matone yakapungua, yakaisha. Nikapiga picha, nikamtumia Gisèle. Nikamtumia na Ulysse, kwa bahati mbaya ya makusudi. Nikala pai ya viazi ya jana, sahani mbili.

Nilipotoka tena matone yalikuwa yamerudi, na ndugu zao. Plastiki ya ukingoni imejikunja kidogo. Kwa mbali haionekani. Kwa mbali sana.

Baadaye simu kutoka kwa Odile, mama yake Josette. Amesikia nimenunua nywele za bandia za kuvaa harusini. Ananisihi nisizivae.

Jumatano, 22 Oktoba

Mchele. Mwaka juzi simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya chambo, nikaifukia kwenye mchele, ikapona. Kama umeponya simu, taa ni nini? Nikafungua kifuniko cha nyuma ya taa, nikamimina kikombe kimoja, halafu kingine kwa moyo mweupe. Nikawasha taa ili kuusaidia mchele.

Hapo niliteleza kidogo. Nikaingia ndani kujaribu suti, na suti ilinichelewesha, maana ilishonwa nikiwa mwembamba. Huku nyuma mchele ukakutana na maji na moto. Niliporudi haukuwa mchele tena. Ulikuwa wali. Wala si wali wa kujivunia. Bokoboko, umeganda kwenye kioo.

Josette akafika wakati huohuo. Akanusa. Akauliza, "Baba, umeoa? Nani anapika?" Nikamwonyesha. Akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha hakuwa anacheka. Akasema amesoma kitabu cha gari: umande kidogo ni jambo la kawaida, taa ina kitundu chake cha kupumulia; washa taa, endesha, utakauka wenyewe. Akasema, "Mimi nataka unipeleke tu. Hata kama taa ina samaki ndani."

Nikamwambia kitabu kile kiliandikwa na watu wa nchi kavu. Akaondoka. Mtoto ana moyo mzuri, lakini picha itakaa ukutani mpaka wajukuu waiulizie.

Alhamisi, 23 Oktoba

Wali umekataa kutoka kwa kijiko. Nikaulainisha kwa maji ya moto, kwa mpira wa kumwagilia bustani. Ukatoka, sehemu kubwa. Maji yakabaki. Sasa taa imejaa hadi nusu na ukiligusa gari yanacheza. Kuna punje zinaogelea.

Nikaleta drili. Tundu la kwanza lilikaa juu ya maji, halikusaidia kitu. La pili lilisaidia. Maji yote yakaingia kwenye kiatu cha harusi, ambacho nilikuwa nimekivaa ili kikizoee kidole gumba.

Ulysse akaja tena. Safari hii hakutania. Alisimama, kofia mkononi. Akasema kumpeleka Josette ni haki yangu, amelijua hilo tangu binti akiwa mdogo, anakuja kwao na begi lake la nguo. Akanyoosha funguo za gari lake. Akasema, "Chukua la kwangu, Alphée. Endesha wewe. Mimi nitapanda na dada yangu."

Nilizitazama zile funguo. Hakuna mtu anayetoa gari bure. Anachotaka ni gari lake liingie kwenye picha, limchekelee Josette ukutani maisha yake yote. Nikamwambia ahsante, langu linatosha. Akarudisha funguo mfukoni, polepole. Kwa hesabu zangu, nimeshinda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Gundi. Unyevu unaingia kupitia matundu, basi dawa ni kuziba matundu. Sijui kwa nini sikuanza na hilo. Nimeziba tundu langu la kwanza, na la pili, na kile kitundu cha kiwandani ambacho Josette anakiita cha kupumulia. Taa si mtu. Ipumue ya nini? Kisha nikazungushia gundi ukingo wote, nyeupe, nono, kama keki. Muuza duka alisema nisiiguse siku nzima. Nimeipa mpaka asubuhi.

Jioni mazoezi kanisani. Padri akanielekeza: mshike mkono, tembea, simama, mwachie. Akasema kumwachia ndipo wazazi wengi wanapokosea. Nikamwambia mimi ni mzoefu, nilikuwa namwachia kila Jumapili jioni mlangoni kwa Ulysse. Hakuna aliyecheka. Haukuwa mzaha.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jua, baada ya wiki nzima. Likaipiga taa, na ndani kukawa kweupe pe, kama maziwa. Maji niliyoyafungia hayana pa kutokea. Nilikuwa nimeshavaa suti. Nikachukua kisu, nikaanza kubandua gundi kwenye matundu. Ilikuwa bado mbichi.

Josette akapiga simu. Yuko tayari, amesimama nje kwa mama yake, kwenye ngazi. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Odile akapiga. Nakuja. Josette akapiga tena, akasema, "Baba, njoo tu." Nikamwambia nipo njiani, lakini bisibisi ilikuwa mdomoni, sidhani kama alinielewa. Kisha nikasikia kengele za kanisa.

Nilipofika, gari la Ulysse lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Utepe mweupe, taa kavu. Gisèle alikuwa ameshamaliza picha. Ulysse akanifungulia mlango wa gari langu. Heri angenitania. Iliniuma, na inaniuma ninapoandika.

Josette alikuwa ananingoja mlangoni pa kanisa. Alikataa kuingia na mtu mwingine. Akanipa mkono, tukaingia. Nilitembea vizuri, kiatu kilikuwa kimekauka. Mbele ya altare padri akanipa ishara nimwachie. Nikashindwa. Gundi. Kiganja changu kilikuwa kimeshikamana na lesi ya gauni. Nikivuta, naye anavutika.

Kanisa zima likadhani sitaki kumtoa. Wanawake wakaanza kulia, Mama Zoé kwa sauti. Sikuwasahihisha. Mwishowe Odile akaja na mkasi wa maua, akakata. Josette akaninong'oneza kwamba hatanisamehe mpaka kufa. Kisha akanibusu kwenye upara.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mambo mawili.

La kwanza, taa imekauka. Baada ya kanisa niliendesha hadi ukumbi wa sherehe mjini Yarmouth na kurudi, taa zikiwaka muda wote, peke yangu, maana watu wote walishapata nafasi kwenye magari mengine. Nilipofika nyumbani kioo kilikuwa safi, hakina tone. Kwa hiyo gundi ilikuwa inafanya kazi. Ilitaka kuvumiliwa tu. Nimemwandikia Ulysse kumweleza mbinu yote, kwa wema. Hajajibu. Wivu.

La pili, Josette amepiga simu kutoka fungate. Wanarudi Alhamisi mchana, uwanja wa ndege wa Halifax. Ulysse alijitolea kwenda kuwapokea, Josette akamkatalia. Anasema ile safari ya kanisani aliikosa, basi hii anaitaka. Atakaa mbele, kando yangu, mumewe akae nyuma na mabegi. Anasema nije na gari jinsi lilivyo. Akaniapisha nisiguse kitu. Nikaapa.

Nilifurahi. Nilikaa jikoni kwa muda, nafurahi tu, chai ikapoa. Kisha nikatoka kulitazama gari. Taa ya kushoto safi. Ya kulia safi vilevile, ila haina gundi, na Alhamisi wametangaza mvua.

Nimeitoa ili niiangalie tu. Iko mezani, vipande vipande. Boliti moja imeingia chini ya friji. Si neno, bado nina siku mbili nzima.